Mshahara wa mwalimu Kolwezi: toka posho ya kampuni mpaka listing ya Kinshasa

Mwezi wa Septemba 2024, siku ya kuingia masomo, watoto wa sehemu nyingi za nchi walivaa nguo zao za buluu na nyeupe, wakafika shuleni, wakakuta ubao mtupu. Walimu wa shule za msingi za serikali walikuwa wamegoma. Sendika zao zilidai dola 500 kwa mwezi. Wakati ule mwalimu wa primeri alikuwa anapokea franga ambazo, zikigeuzwa kwa mwenye kubadilisha pesa pale sokoni, hazifiki dola 200.

Wazazi waligawanyika. Wengine walisema mwalimu ana haki. Wengine, hasa wale wanaolipa nyumba kwa dola na wanaoona watoto wao wanakaa bure wakati machimbo yanawaita, walisema mwalimu anaua masomo ya mtoto wa maskini. Lakini katika makelele hayo yote, maulizo moja halikujibiwa vizuri: nani hasa anakata mshahara wa mwalimu? Ni kanisa lenye shule? Ni gavana? Ni wabunge? Ni mzazi? Mwalimu wa Manika au wa Dilala akitaka kwenda kulalamika, abishe mlango gani?

Ili kujibu hilo lazima kurudi nyuma sana, maana kila mlango uliowahi kumlipa mwalimu wa Katanga umeacha alama yake, na alama hizo zote bado ziko juu ya karatasi yake ya malipo.

Wakati wa misioni na kampuni

Mwaka 1906 serikali ya mfalme Leopold II ilifanya mapatano na Vatikano: misioni za Kikatoliki zitapewa ardhi, nazo zitafungua shule. Mwaka huohuo ndipo Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa. Mambo haya mawili, shule ya padri na shaba ya kampuni, yalikua pamoja kama mapacha.

Mwaka 1925 koloni ya Ubelgiji ilikubali kutoa msaada wa pesa kwa shule za misioni za Kikatoliki. Waprotestanti walingoja mpaka baada ya Vita ya Pili ya Dunia ndipo nao wakaingizwa. Angalia vizuri njia ya pesa hiyo: haikutoka serikalini kwenda mkononi mwa mwalimu. Ilikwenda misioni, na misioni ndiyo iliyompa mwalimu. Mwalimu mweusi wa wakati ule aliitwa moniteri. Alipata franga kidogo, nyumba karibu na kanisa, shamba la kulima, mara nyingine kitambaa na chumvi. Akikosana na padri, au akioa mke wa pili, angeweza kupoteza kazi na nyumba pamoja. Mshahara wake haukuwa bei ya kazi. Ulikuwa kama zawadi ya baba kwa mtoto mtiifu, na fikra hiyo, ya kwamba mwalimu anafanya kazi ya wito na kwa hiyo asiseme sana juu ya pesa, haijafa mpaka leo. Bado inasikika katika hotuba za wakubwa kila siku ya tarehe 30 Aprili, sikukuu ya walimu.

Ndani ya kambi za wafanyakazi mambo yalikuwa tofauti kidogo. Union Minière iliwakabidhi Wabenedikto, chini ya Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, kazi ya kufundisha watoto wa wafanyakazi, na kampuni ndiyo iliyobeba gharama. Kampuni ilitaka watu wanaokaa, wanaooa, wanaozaa, na ambao watoto wao watakuwa wafanyakazi wa kesho. Ndiyo sababu ilitoa nyumba, hospitali, shule, na posho, yaani ule mgao wa bunga, maharagwe, samaki na mafuta ambao wazee wa Musonoi na wa Kolwezi hawausahau. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya maisha hayo, akiwaita wenyeji wake bana Shaba, watoto wa shaba, ambao kampuni ilikuwa baba yao. Na baba huyo baadaye aliwaacha.

Kwa mwalimu, posho ilikuwa na maana kubwa kuliko franga. Bei ya bunga ikipanda sokoni, posho haipungui. Ni kinga ambayo mwalimu wa leo hana: yeye analipwa franga, na franga haijui bei ya mfuko wa bunga unaotoka Zambia.

Mwaka 1954 waziri wa koloni Auguste Buisseret alianza kufungua shule za serikali zisizo chini ya padri. Wakatoliki walikasirika sana, lakini kwa mwalimu mweusi ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba anaweza kulipwa na dola moja kwa moja. Kisha, Januari 1959, koloni ilitoa kanuni moja ya watumishi wa serikali, weupe kwa weusi. Hiyo iliacha hesabu ambayo haijafungwa: kama kazi ni moja na diploma ni moja, mbona malipo yasiwe sawa?

Zaire moja, dola mbili

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Katanga ikajitenga. Kolwezi ilikuwa mji wa mwisho wa Moïse Tshombe. Askari wa Umoja wa Mataifa waliingia tarehe 21 Januari 1963. Katika miaka hiyo ya vurugu Kongo ilikosa walimu kiasi cha kuwaita kutoka Haiti na nchi nyingine, na mwenye diploma alitafutwa kama almasi.

Kisha ukaja wakati ambao walimu wazee wanausimulia kwa uchungu wa mtu aliyekuwa na nyumba ikaungua. Juni 1967 Mobutu alitoa pesa mpya, zaire, na zaire moja ilikuwa dola mbili. Union Minière ilikuwa imechukuliwa na serikali mwanzoni mwa mwaka huo, ikazaa Gécamines. Shaba iliuzwa vizuri. Mwalimu alinunua baiskeli, redio, vitenge vya mke wake, na mtu alimpa binti yake bila kuuliza maulizo mengi.

Shaba ilipoanguka bei katikati ya miaka ya 1970, kila kitu kilifuata. Wakati huohuo Mobutu alizinyang'anya makanisa shule zao, mwishoni mwa 1974. Haikudumu. Serikali ilishindwa kuziendesha, na tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mkataba na makanisa ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti na ya Kimbangu: shule ni za serikali, makanisa yataziongoza. Waislamu waliingia baadaye. Ndizo shule tunazoziita konvansyone, na ndizo nyingi zaidi katika Lualaba mpaka leo.

Hapo ndipo fundo lilipofungwa. Mwalimu wa shule ya konvansyone ana mabwana wawili. Kanisa linamweka kazini, linamhamisha, linaweza kumfukuza. Serikali inamlipa. Akiwa hajalipwa, padri au mchungaji anasema: nenda kwa serikali. Akienda kwa serikali, anaambiwa: jina lako halijaletwa na ofisi ya kanisa lako. Mtu anaweza kupita miaka mitano katikati ya milango hiyo miwili, akiwa na chaki mkononi kila asubuhi.

Juu ya vita ya Mei 1978, wakati wapiganaji wa FNLC walipoingia Kolwezi tarehe 13 na askari wa Ufaransa wakashuka kwa parashuti tarehe 19, mengi yamekwisha kusemwa. Kwa habari hii inatosha kukumbuka ya kwamba mafundi wengi wageni waliondoka, na uchumi wa mji ulipata kidonda wakati ambapo ulikuwa tayari unaumwa.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Lilitaka serikali ipunguze watumishi, na walimu maelfu waliondolewa kwenye orodha. Katika miaka hiyo ndipo ilipoundwa SECOPE, ofisi ya kuhesabu na kulipa walimu, ili kuwatafuta walimu hewa. Wazo lilikuwa zuri. Lakini toka siku ile mwalimu amekuwa namba kwanza, mtu baadaye. Watu wa Zaire, ambao hawakosi mzaha hata kwenye kilio, waliuita mshahara wa wakati huo SIDA, ugonjwa, wakiyageuza maneno ya Kifaransa yawe na maana ya mshahara usiotosha na unaopatikana kwa taabu.

Mzazi anaingia

Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines iliyokuwa ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufika hata tani 50,000. Pesa ya serikali ilitoka hasa kwenye shaba hiyo. Bei za vitu zilipanda kwa wiki, kisha kwa siku. Oktoba 1993, zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Mwalimu aliyelipwa mwisho wa mwezi, akichelewa siku tatu kwenda sokoni, alirudi na nusu ya kikapu.

Walimu waligoma, shule zilifungwa, na mwaka wa masomo 1991-1992 ulipotea. Watoto wa wakati huo, ambao leo ndio wazazi, bado wanauita mwaka mweupe.

Katikati ya njaa hiyo Katanga iliongeza balaa yake yenyewe. Kuanzia 1992 watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa, kwanza Likasi na sehemu nyingine, halafu Kolwezi mwezi wa tatu 1993. Walilala kwenye stesheni wakingoja gari moshi kwa wiki nyingi, na wengi, hasa watoto, walikufa humo au njiani. Miongoni mwao walikuwa walimu. Shule za Gécamines na za serikali zilipoteza watu waliokuwa wamefundisha miaka ishirini. Mwalimu aliyefika Mwene-Ditu au Kananga na diploma yake ndani ya kitambaa aligundua jambo ambalo familia zilizohamishwa zinalijua hata leo: nafasi ya mshahara inabaki kule alikotoka, imeshikamana na shule. Kule alikofika alianza upya, kama mgeni, bila namba inayolipwa.

Ili shule zifunguliwe tena, maaskofu wa Kikatoliki na vyama vya wazazi walikubaliana jambo ambalo lilipaswa kuwa la muda mfupi: mzazi atamlipa mwalimu. Pesa hiyo iliitwa prime. Ilikuwa ya kuziba pengo la miezi michache. Ilikaa zaidi ya miaka 25.

Prime iliokoa shule, hilo lisikataliwe. Lakini iligeuza kila kitu. Kwanza, ilifanya mshahara wa mwalimu ufuate mfuko wa mtaa. Shule ya katikati ya mji, yenye watoto wa wafanyabiashara na wa wafanyakazi wa kampuni, ilitoa prime iliyozidi hata mshahara wa serikali. Shule ya kijijini katika sekta ya Luilu ilitoa karibu hakuna kitu, mara nyingine kuku au debe la mahindi. Pili, pesa ya mzazi haikubaki shuleni. Sehemu ilipanda: kwenye ofisi ya kanisa, kwenye ofisi ya elimu ya jimbo, kwa mainspekta, mpaka juu. Mzazi wa Kolwezi alifikiri anamlipa mwalimu, kumbe alikuwa analipa ngazi nzima. Tatu, na hili ndilo liliuma zaidi, mwalimu ndiye alitumwa kumfukuza mtoto asiyelipa minervali. Mtu aliyepaswa kumwita mtoto aingie ndiye aliyesimama mlangoni kumzuia.

Na wazazi wenyewe walikuwa wanazama. Agosti 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walikubali kuondoka kwa malipo ya mara moja, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, baada ya miezi mingi bila mshahara. Kolwezi ilijaa wanaume wenye umri wa miaka 50 wasio na kazi, na watoto wao wakaenda kuchimba. Familia zile zilikuwa ndizo zinazopaswa kulipa prime.

Ahadi ya Mbudi

Februari 2004, serikali ya mpito na sendika za watumishi wa serikali zilikutana Mbudi, Kinshasa, zikatia sahihi mapatano ambayo hata kijana wa sendika aliyezaliwa baadaye anayajua kwa moyo. Mtumishi wa chini kabisa, tarishi, atalipwa dola 208. Katibu mkuu atalipwa dola 2,080. Katikati yao kila mmoja kwa kadiri ya cheo chake, bila mtu kuzidi mwingine zaidi ya mara kumi.

Mapatano yale hayakutekelezwa mpaka mwisho. Hata hivyo humo serikali ya Kongo iliandika kwa namba kile inachokiona kuwa haki. Anayesema kwamba dola 500 za mwaka 2024 ni ndoto ya walevi, aisome hesabu ya Mbudi: kama tarishi alistahili dola 208 miaka ishirini iliyopita, mwalimu mwenye diploma alistahili ngapi?

Mwaka 2011 serikali ilianza kupitisha mishahara benki. Kabla ya hapo pesa ilisafiri ndani ya magunia, kwa gari, pikipiki, mtumbwi, na kila mkono uliogusa gunia ulibakiza kidogo. Benki ilipunguza wizi huo. Ilileta taabu nyingine: mwalimu wa mbali anafunga safari kwenda mjini kuchukua pesa ambayo nauli inaila. Wengine wamekwisha kuikopea kwa wale wenye kukopesha kwa faida kubwa, wanaoitwa Banki Lambert, na siku ya malipo mkopeshaji anasimama mlangoni kabla yao.

Jinsi inavyokatwa leo

Mshahara wa mwalimu wa serikali unategemea vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachoamuliwa Lualaba.

Kuna cheo na diploma. Mwenye diploma ya serikali ya pedagojia anaitwa D6. Mwenye gradua ni G3. Mwenye lisansi ni L2. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na miaka ya kazi inahesabika kidogo sana. Kijana wa miaka mitatu na mzee wa miaka thelathini wanaweza kusimama kwenye foleni moja ya benki na kutoka na bahasha zinazofanana.

Kuna eneo. Kwa muda mrefu Kinshasa ililipwa zaidi, Lubumbashi ikafuata, na sehemu nyingine chini yao, kwa hoja ya kwamba maisha ya mji mkuu ni ghali. Hoja hiyo huenda ilikuwa na maana zamani. Lakini Kolwezi ya leo, mji wa kobalti, ina kodi za nyumba zinazotajwa kwa dola na bunga linalovuka mpaka kwa malori. Sendika zimepigana miaka mingi ili maeneo haya yafutwe, na kila mazungumzo yalipofanyika suala hilo lilirudi mezani.

Kuna listing, ile orodha. Shule inaweza kuwa na ruhusa ya serikali na isiwe na walimu wanaolipwa. Mwalimu anaweza kuwa na namba na asilipwe. Anaitwa kitengo kipya, kana kwamba ni kipande cha mashine, na upya wake unaweza kudumu mpaka nywele zigeuke mvi. Huku Januari 2023 Inspeksheni Kuu ya Fedha ilitangaza kwamba kwenye orodha ya malipo ya watumishi wote wa dola ilikuta watu 145,604 wenye namba zisizo za kweli, na wengine 53,328 wanaogawana namba moja moja. Hiyo si walimu peke yao. Lakini inaeleza kwa nini mwalimu wa kweli wa Mutshatsha anaambiwa kila mwaka kwamba pesa haitoshi. SECOPE yenyewe ilivunjwa mwaka 2021, baada ya wakuu wake kufikishwa mahakamani Kinshasa, na ofisi nyingine, DINACOPE, ikachukua kazi yake.

Na kuna bajeti, inayopigiwa kura na bunge Kinshasa baada ya sendika kukaa na serikali. Mikutano ya siku hizi imefanyika Bibwa, na watu wanaihesabu kama sinema: Bibwa ya kwanza, ya pili. Mwalimu wa Lualaba anasikia matokeo redioni.

Jambo la ajabu ni kwamba Katiba ya 2006, katika artikili 204, inayaweka masomo ya msingi na ya sekondari mikononi mwa majimbo. Artikili 175 inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Jimbo la Lualaba, lililozaliwa 2015 Katanga ilipokatwa, lingekuwa na nguvu ya kulipa. Lakini mshahara umebaki Kinshasa, na ile asilimia 40 haijawahi kubaki jimboni kama ilivyoandikwa.

Bure, lakini nani analipa?

Katiba hiyohiyo, artikili 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Ilingoja miaka 13. Septemba 2019 rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba sasa ni kweli. Watoto walimiminika, serikali inasema ni zaidi ya milioni 4 waliorudi au kuingia. Benki ya Dunia iliahidi dola milioni 800 mwaka 2020, ikasimamisha kwa muda kwa sababu ya wizi uliogunduliwa.

Kwa mwalimu wa kijijini, ambaye prime yake ilikuwa kuku, bure ilikuwa habari njema: wengi waliokuwa hawalipwi waliingizwa kwenye listing. Kwa mwalimu wa shule nzuri ya mjini ilikuwa hasara. Alipoteza prime, na nyongeza ya serikali haikulingana nayo. Darasa la watoto 50 likawa la 100 na zaidi. Ndiyo sababu walimu hawazungumzi kwa sauti moja juu ya masomo ya bure, na anayedai kwamba walimu wote wanayapinga, au wote wanayafurahia, hajakaa nao. Wengine walihamia shule za binafsi, ambako mzazi bado analipa na mwenye shule ndiye anayekata mshahara apendavyo, bila sendika wala listing.

Hapo ng'ambo ya mpaka, Zambia nayo ilifuta malipo ya shule mwaka 2022, lakini mwaka huohuo iliajiri walimu zaidi ya 30,000 kwa mara moja. Nayo ina deni, nayo inaishi kwa shaba. Ilihesabu walimu pamoja na watoto.

Sasa shaba yenyewe. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, mara sita ya Gécamines ya siku zake bora, na sehemu kubwa sana inatoka Lualaba na Haut-Katanga, pamoja na kobalti ambayo dunia nzima inaitafuta. Sheria ya migodi ya Machi 2018 inagawa kodi ya madini hivi: nusu serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 wilaya na sekta ambako mgodi upo, asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inatoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaoizunguka.

Pesa hiyo inajenga. Mtu akipita Fungurume au barabara ya kwenda Luilu ataona shule zenye bati jipya na jina la aliyezijenga limeandikwa kwa herufi kubwa. Ukuta unapigwa picha, unafunguliwa kwa utepe. Mshahara haupigwi picha. Hakuna kampuni wala gavana anayekata utepe mbele ya mwalimu aliyelipwa kwa wakati. Basi shule mpya inasimama, madawati yapo, na ndani yake anafundisha mtu anayelipwa na Kinshasa kidogo, au asiyelipwa kabisa, wakati mwanafunzi wake wa zamani anayebeba mifuko ya madini anapata kwa wiki nzuri kile anachopata yeye kwa mwezi. Ikiwa sheria inaruhusu pesa ya mgodi kujenga darasa, wabunge wa jimbo wanapaswa kueleza kwa nini isiweze kuongeza hata nauli ya mwalimu wa darasa hilo.

Familia zilizohamishwa zinalijua hili kwa upande wao. Wapo waliotoka Kasulo na mitaa mingine ya Kolwezi kwa sababu ya madini yaliyo chini ya nyumba zao. Wapo waliotoka Kasai baada ya vita vya Kamwina Nsapu vya 2016 na 2017. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, benki zake zilifungwa, na mshahara unaopita benki ukakosa njia. Mwalimu anayekimbia na familia yake anaacha shule iliyobeba namba yake. Akipata darasa jipya atafundisha kama mtu wa kujitolea mpaka karatasi za uhamisho zipite ofisi ya kanisa, ya jimbo na ya Kinshasa. Anayeweza, abebe barua yake ya kuajiriwa, kadi yenye namba yake ya malipo na karatasi ya mwisho ya benki pamoja na vyeti vya watoto. Bila hizo, faili halianzi.

Mgomo wa Septemba 2024 haukuisha siku moja. Sehemu moja ilirudi darasani, nyingine ikangoja, na wazazi waliokuwa na uwezo waliwahamisha watoto wao kwenda shule za binafsi. Waliorudi walirudi kwa mshahara uleule na ahadi ya kukutana tena. Mwisho wa mwezi walipanga foleni mbele ya benki, wakiwa na kitambulisho mkononi, kuangalia kama jina limetoka.